Hodi Katika Chumba cha Giza

Barabara ilikuwa tupu wakati Isakwisa anaipiga picha. Alikuwa na hakika na hilo kama alivyokuwa na hakika na jina lake. Sasa picha ilikuwa imetoka kwenye karatasi na kukauka, na kandokando ya ukuta wa duka la mwisho, upande wa kushoto, alisimama mwanamke aliyeipa kamera mgongo.

Aliisogeza dirishani kwenye mwanga. Hakuwa amekosea. Kitenge kilionekana, na kilemba, na mabega yaliyoshuka kidogo kama ya mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Pale aliposimama mwanamke, Isakwisa alikumbuka kuku mmoja tu, tena kuku mwenyewe alikuwa akichakura na hakutulia.

Ilikuwa Juni ya mwaka 1956, mtaa wa Mlandege, mjini Iringa, majira ambayo upepo wa kipupwe hupenya hata kwenye tundu la ufunguo. Ofisi ya mji ilikuwa imemwagiza picha kumi na mbili za kalenda: mitaa, makanisa, bustani, mambo ya kila siku tu. Karani aliyemletea kazi alikuja na sharti moja. "Mzungu hataki watu ndani ya kalenda," alisema. "Anasema watu wanaharibu picha." Isakwisa alicheka kimoyomoyo. Alitaka kuuliza kama mitaa hiyo ilijengwa kwa ajili ya kuku, lakini kazi ni kazi.

Na njia ya kuwaondoa watu aliijua. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya miguu mitatu na kitambaa cheusi, inayotumia vioo badala ya filamu. Alilibana tundu lake hadi likabaki dogo kama la sindano, kisha akafungua kifuniko na kuhesabu polepole hadi mia mbili. Katika muda huo walipita akina mama na ndoo zao, baiskeli, mbuzi, hata gari la mizigo, na kwa kuwa hakuna aliyetulia mahali pamoja, kioo hakikumshika yeyote. Mtaa wenye watu hamsini ulitoka mtupu kama uliokimbiwa na ndui. Aliyebaki kwenye picha ni yule tu aliyesimama tuli muda wote, na ndiyo maana Isakwisa, kabla ya kufungua, alihakikisha kwamba hakuna aliyesimama.

"Nimezeeka," aliiambia picha, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyefuata kazi Iringa akiwa kijana, akapata na mke. Lusia alikuwa Mhehe wa Tosamaganga, Mkatoliki kwelikweli, na yeye Mmoraviani. Wazee walibishana mwaka mzima kabla padri hajawafungisha ndoa. Waliishi pamoja miaka minane. Hawakujaliwa mtoto. Mwezi wa tatu mwaka ule kichomi kilimshika Lusia siku ya Jumapili, na Jumanne ya wiki iliyofuata wakamzika.

Kinyozi hajinyoi. Isakwisa alikuwa amepiga picha za nusu ya maharusi wa Iringa, na za makarani, na za watoto waliokuwa wakilia, na hata ya jogoo wa mwalimu mmoja aliyempenda jogoo wake kupita kiasi, lakini ya mkewe hakuwa nayo hata moja. Siku moja Lusia alivaa gauni lake jipya, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha wateja na kupanga mikono yake magotini. "Leo ni zamu yangu," alisema. Mara mlango ukabishwa na mteja akaingia. Lusia akainuka. "Haya, mteja kwanza. Mimi nipo tu."

Hakuwapo tena. Na sasa, miezi mitatu tu baada ya mazishi, uso wake ulikuwa umeanza kumponyoka mumewe. Akifumba macho aliona paji la uso, au pua, au kidevu, lakini havikutaka kukaa pamoja. Jambo hilo lilimtisha kuliko upweke wenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulihesabu kuwa jambo. Chumba cha giza alikuwa amekitengeneza kwenye stoo ya nyuma, na taa yake ilikuwa chemli iliyofungwa kitambaa chekundu. Mlango wa chumba hicho ukifunguliwa wakati picha inasafishwa, mwanga unaingia na kazi yote inaharibika. Kwa hiyo Lusia, ingawa nyumba ilikuwa yake, alikuwa akigonga mara tatu na kupiga hodi, naye Isakwisa anajibu kutoka gizani, "Karibu, lakini usifungue!" Kisha wanacheka, mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu tangu dunia iumbwe ni nani aliyemkaribisha mtu na papo hapo akamkataza kuingia? Walifanya hivyo miaka minane na utani haukuchuja.

Sasa, siku moja kabla ya picha ile ya barabara, Isakwisa akiwa na mikono ndani ya dawa, mlango uligongwa mara tatu.

"Hodi," ikasema sauti ndogo.

"Karibu, lakini usifungue," akajibu.

Hakufikiri. Mazoea yana taabu. Alikuwa ameshageuza karatasi upande wa pili ndipo alipokumbuka kaburi. Alifungua mlango bila kujali picha zake. Nje hapakuwa na mtu, ila palikuwa na harufu ya majivu ya moto yaliyomwagiwa maji, ingawa jiko lake halikuwa limewashwa siku ile.

Picha ya pili ilikuwa ya kanisa la Walutheri. Mwanamke alikuwa langoni, amegeuza mgongo vilevile, karibu zaidi kidogo, na safari hii fundo la kitenge chake lilionekana wazi upande wa kushoto, limepindwa mara mbili, kinyume na wafungavyo wanawake wengine. Isakwisa alilijua fundo lile. Alikuwa ameliona likifungwa kila asubuhi kwa miaka minane. Mtu mwingine angetupa picha na kukimbilia kwa majirani. Yeye aliketi sakafuni akalia, na kilikuwa kilio cha furaha.

Tangu siku hiyo kazi ya kalenda ikawa kama ibada. Aliibeba kamera kwenye mtaa wa mafundi cherehani, njia ya sokoni, bomba la maji, uwanja wa shule, na kila kioo kilitoka na mwanamke. Kila mara hodi ilipigwa wakati wa kusafisha, na kila mara alijibu, sasa kwa makusudi, kisha akasubiri kicheko. Kicheko hakikuja. Kwenye bustani ya mji, chini ya mikaratusi, mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, mkono umeshika sikio. Lusia alikuwa akicheka hivyo, ameshika sikio kana kwamba kicheko kingelidondosha. Na katika kila picha alikuwa amegeuka kidogo. Ya saba ilionyesha sikio, ya tisa ncha ya shavu. Isakwisa aliona kwamba mambo yakienda hivyo, picha ya kumi na mbili itakuwa na uso.

Wateja aliwafungia mlango. Majirani walipompita barabarani walimsalimu, "Kamwene, bwana picha," naye hakuitikia kwa kuwa alikuwa akihesabu, na akiitikia hesabu itapotea. Baada ya siku chache waliacha kumsalimu. Alisimama katikati ya mtaa uliojaa watu kama mlingoti wa simu, na hata hilo hakuligundua.

Jumapili Benedicta, dada mkubwa wa Lusia, alikuja kutoka Tosamaganga na kikapu cha viazi.

"Kamwene, shemeji. Umekonda! Unakula kweli?"

"Ninakula."

"Unakula nini, dawa za picha?" Alikaa kwenye kigoda akaanza kumenya viazi bila kuombwa. "Lusia angekuona hivi, angekuchapa na mwiko, kwa yale mashoto yake."

Isakwisa aliinua macho. "Lusia alikuwa mtu wa mashoto?"

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Benedicta alimtazama akitafuta tabasamu, hakuliona.

"Shemeji, acha utani wa hivyo. Si wewe uliyekuwa unabadilisha kiti mezani ili msigongane viwiko?"

Isakwisa alitafuta. Alijitafuta kama mtu anayepapasa mifuko yake sokoni na kukuta imechanwa. Mahali pa jambo hilo palikuwapo, ila ndani hamkuwa na kitu.

"Na akicheka?" Benedicta aliuliza, sauti imeshuka. "Alikuwa anafanyaje akicheka?"

"Sijui," alisema Isakwisa. Aliogopa kwa mara ya kwanza.

Alikwenda ndani akaleta picha kumi na moja, akazipanga mezani, maana aliona heri picha zimjibie. Benedicta aliziangalia moja baada ya nyingine. Mkono wake uliingia kifuani kutafuta rozari.

"Fundo la kushoto," alinong'ona. "Amefunga kwa mashoto. Na hapa ameshika sikio, anacheka. Shemeji, yote uliyoyasahau yamo humu. Yametoka kwako yameingia humu. Nani amemleta huyu?"

"Alipiga hodi."

"Ukaitika?"

"Nilikuwa gizani. Ni mazoea tu, shemeji."

Benedicta aliinuka. Alizifunika picha kwa kitambaa cha meza, akamshika Isakwisa mkono kama mtoto, wakatelemka hadi Ipogolo, bondeni, kwa Mzee Tadeo. Asubuhi za Jumapili Mzee Tadeo alikusanya sadaka kanisani, mchana aliganga watu, na hakuona ugomvi wowote kati ya kazi hizo mbili. Aliwasikiliza hadi mwisho huku akichokonoa meno kwa kijiti.

"Ile kitu siyo mke wako," alisema. "Ile haina sura. Inatembea uchi, inatafuta ya kuvaa. Jirani yangu wa pwani anaita jini. Babu zetu nao walikuwa na jina lake, mimi silitaji hapa. Inavua kwa mtu, inavaa yenyewe."

"Inavua kwangu," alisema Isakwisa.

"Kwako, ndiyo. Kila picha inachukua kidogo. Ikimaliza uso, yenyewe inabaki na mke wako, wewe unabaki mikono mitupu."

"Basi itoe, Mzee!" Benedicta alisema.

"Siwezi, mwanangu. Ingeingia kama mwizi, ningeifukuza kama mwizi. Lakini huyu ameikaribisha, tena siyo mara moja. Mgeni wa mtu anaagwa na mwenye nyumba." Alimgeukia Isakwisa. "Vunja vile vioo vyote. Usipige picha ingine. Simama mlangoni, sema: mgeni, nilikukaribisha kwa kosa, nenda. Na ukisikia hodi tena mle gizani, nyamaza. Yaliyoliwa hayarudi, nisikudanganye. Yaliyobaki yatakuwa yako."

"Uso wake nao utabaki?"

Mzee Tadeo alikitupa kile kijiti. "Kama bado unao."

Walipoagana njiani Benedicta alimwapisha. "Kesho mchana nakuja kuona vigae," alisema. "Shemeji, nimebaki na wewe tu wa kuzungumza naye habari za Lusia. Wengine wamechoka kusikia."

Asubuhi Isakwisa alipanga vioo kumi na kimoja mezani na kushika nyundo. Kabla ya kupiga alifumba macho, akamwita Lusia kichwani. Likaja paji la uso. Alisubiri sana, halikufuatiwa na kitu. Alifikiri maisha yaliyo mbele yake, miaka ishirini labda, au thelathini, ya kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kuingia, na kuketi na paji la uso. Alifikiri pia kwamba hata bila jini lolote angemsahau, polepole, kama watu wote wanavyosahau, na siku ya mwisho asingejua kama ni ya mwisho. Kama kumsahau hakuepukiki, heri amwone mara moja. Ndivyo upweke unavyomshauri mtu, na hakuna mshauri mwenye maneno matamu kama huo. Aliiweka nyundo chini, akabeba kamera.

Kanisa la Wakatoliki lilikuwa limetoka misa ya asubuhi. Aliisimamisha kamera mbele ya ngazi, akabana tundu, akafungua. Watu walimpita kushoto na kulia wakipuliza viganja kwa baridi. Alipofika themanini alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Alipofika mia na ishirini, kitambaa cheusi kilichoning'inia nyuma ya kamera kilianza kujaa, polepole, hadi kikawa na umbo la mtu aliyeinama chini yake. Upepo haukuwapo. Isakwisa aliendelea kuhesabu, midomo imekauka, akafika mia mbili, akafunika.

Kioo alikisafisha, akakikausha juu ya jiko kwa haraka isiyo ya fundi, akakibana na karatasi kwenye mwanga kidogo, akairudisha karatasi gizani. Ilipozama kwenye sinia ya dawa, chini ya wekundu wa chemli, kwanza ulitokea mnara wa kanisa, kisha ngazi, kisha gauni, gauni jipya lile lile la kiti cha wateja, na mikono iliyopangwa vizuri, na Isakwisa akainama hadi pua ikakaribia dawa, na harufu ya majivu ikawa nzito hadi akaionja ulimini, na ndipo pakagongwa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, lakini haukuwa mlango, kwa sababu sauti ilitoka nyuma yake, kwenye rafu ya chupa, ndani humo humo, hatua moja kutoka kwenye mgongo wake, na alitaka kugeuka na hakugeuka kwa kuwa kidevu kilikuwa kinatoka, na mdomo, na pua, na paji la uso, naye akaviomba moyoni vitulie, vikae pamoja mara hii moja tu, na vikatulia, na vikakaa, na macho mawili yakafunguka chini ya dawa yakamtazama.

Nyuma yake mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mwanamke. Isakwisa hakukijua.

Mchana Benedicta alimkuta ameketi juani mbele ya nyumba. Alikuwa amenyoa ndevu na uso wake umetulia kama wa mtu aliyeamka kutoka usingizi wa kushiba. Moyo wa Benedicta ukapumua.

"Kamwene, shemeji. Umeshavunja?"

Isakwisa alisimama kwa adabu, akaondoa kofia. "Kamwene, mama. Karibu. Umekuja kupiga picha, au kuchukua?"

"Shemeji, ni mimi. Benedicta."

"Ndaga, asante, mama Benedicta, nimefurahi kukufahamu." Alitoa karatasi iliyokuwa ingali na unyevu. "Labda wewe unaweza kunisaidia. Nimeikuta hii kwenye sinia. Mama mzuri, tena ametulia vizuri sana mbele ya kamera, lakini hakuniachia jina, na mimi sipendi kukaa na picha ya mtu."

Benedicta aliitazama. Lusia alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, mzima, kila kitu chake mahali pake, hata kovu dogo la nyusi alilolipata utotoni kwa kuanguka kisimani. Hakuna mpiga picha aliyewahi kupata sura ya mtu namna ile.

"Ni Lusia," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mdogo wangu. Ni mke wako."

"Mimi sijaoa, mama," alisema Isakwisa kwa upole, kama anavyoambiwa mteja aliyekosea nyumba. "Kwetu Tukuyu wananicheka kwa hilo."

Ndipo pakagongwa ndani ya nyumba, kwenye mlango wa chumba cha giza, kutoka upande wa ndani. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Hodi," ikaita sauti.

Benedicta aliijua sauti ile tangu ilipokuwa ya mtoto. Jibu lilimjaa mdomoni, likampanda hadi kwenye meno, akajaza kitambaa cha kichwani kinywani mwake na kukiuma. Alimtikisia Isakwisa kichwa, akatikisa tena, mikono yote miwili imeinuliwa kumzuia.

Isakwisa alimwonea huruma yule mama wa watu, ingawa hakuelewa anataka nini. Lakini mgeni alikuwa mlangoni, na yeye alilelewa vizuri.

"Karibu, mgeni," aliita. "Fungua tu."